Udongo wa Chatu

Chatu akiugua hapigi kelele kama mbuzi. Anainua kichwa, anafungua mdomo, na shingoni kunatoka mluzi mwembamba, fiii, halafu kimya, halafu fiii tena. Mluzi huo nilishausikia mara mbili, na mara zote nilizika nyoka. Kwa hiyo asubuhi ile nilipofunua sanduku nikamkuta chatu wangu jike kainua kichwa, ute unaning'inia mdomoni, nilijua kinachofuata.

Mimi ni mtu wa ngoma ya nyoka, huku Usukumani wanatuita bayeye. Shule niliishia la pili. Ng'ombe wa baba walikuwa wengi, siwasingizii walimu. Nilichosoma ni nyoka, kwa mzee mmoja wa Ipililo, aliyenifundisha kuwashika, kuwalisha vyura na panya, na kutunza udongo. Alinipa kapu la udongo kutoka sanduku lake, naye alikuwa amepewa na mwalimu wake. Nyoka mgeni unamlaza humo, unanyunyiza maji usikauke, na haumwagwi kamwe. Harufu ya waliotangulia inamfundisha mgeni adabu, asing'ate. Nisiwe mwongo, chatu aliyelala humo hakuwahi kuning'ata.

Wale wawili waliokufa nilisema wametupiwa kitu na kundi pinzani, ili tushindwe kwenye mashindano. Nilisema mbele za watu, na mtu nikamtaja. Hilo nalo nililifanya.

Safari hii mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hao wapinzani hawajacheza tangu mwaka jana," akasema. "Mwite bwana mifugo."

"Bwana mifugo ni wa ng'ombe, mayu."

"Na wewe ni wa nini? Wawili umeshazika."

Nikampigia simu. Akaja na pikipiki, kijana wa heshima, akaniamkia shikamoo akiwa mbali kabisa na sanduku. Nikashika kichwa cha chatu, yeye akachota ute kwa kijiti, akaenda nao ofisini kwake Bariadi kuuangalia kwenye darubini. Nilikaa kando ya sanduku nikihesabu miluzi. Ilikuwa inazidi kukaribiana.

Alirudi alasiri.

"Mzee, ni minyoo ya mapafu. Vyura wana ya kwao, nyoka nao wana ya kwao. Mayai yanapanda na ute, nyoka anayameza, yanatoka na kinyesi. Vijinyoo vinakulia kwenye udongo wenye unyevu, halafu vinamrudia, kwa mdomo au kwa ngozi. Udongo huu unaubadilisha lini?"

Nikaanza kurekebisha mfuniko wa sanduku. Mke wangu ndiye aliyejibu.

"Haujabadilishwa tangu naolewa. Na sasa nina wajukuu."

Kijana akaniambia dawa anayo, ya mbuzi, ila lazima ajue uzito, maana ikizidi inaua. Tukamtia chatu kwenye gunia, tukambeba hadi kituo cha kununulia pamba, kwenye mizani. Watu walitawanyika. Karani alipanda juu ya lundo la pamba, akauliza kutoka huko, kama anayepanga daraja la pamba, "Hii safi au fifi, mzee?" Sikucheka. Gunia lilikuwa linapiga mluzi.

Kilo kumi na saba.

Tuliporudi, kijana akashika bomba la sindano lisilo na sindano, akalijaza dawa, lakini hakumpa.

"Nikimpa ukamrudisha humo, atakufa tu. Udongo kwanza, mzee."

Nilisimama na sepetu. Kwangu udongo ule ulikuwa kama mtu wa nyumbani. Nikawaza, je, na wale wawili? Hakuna aliyewatupia kitu. Mimi ndiye niliyewalaza humo, nikawanyunyizia maji kila asubuhi. Mke wangu alikuwa ameshabandika sufuria ya maji jikoni, hajanisubiri nikubali. Nikachimba shimo mbali na bwawa la kijiji, nikaumwaga wote, nikafukia. Sanduku tukalimwagia maji ya moto, tukalianika juani, tukatandika gunia kavu. Ndipo chatu akapewa dawa.

"Minyoo ikifa mingi kwa pamoja inaweza kumziba pumzi," kijana akasema. "Akikoroma, mwinamishe kichwa. Na wewe nawa mikono kwa sabuni."

Siku ya tatu mluzi ulikatika ghafla, nikiwa namwangalia. Nilimtoa, akaninyong'onyea mikononi kama kamba iliyolowa. Nikamwinamisha, nikampapasa shingo kushuka chini, mara nyingi, hadi mikono ikafa ganzi. Ute ukamwagika, mzito, una nyuzinyuzi nyeupe kama za kushonea. Mke wangu alishika mkia. Halafu ubavu ukajaa hewa, taratibu, ukashuka.

Siku ya sita nilimkuta kafunga mdomo. Nikaweka sikio karibu, kimya kabisa, ubavu unapanda na kushuka. Nikanyoosha mkono nimpapase kichwani, akaning'ata mpaka damu, kwa mara ya kwanza.

Mke wangu aliona kitambaa mkononi, akauliza. Nikamwambia ni msumari wa sanduku.