Amri ya Kufeli

Baba aliniamuru nifeli siku chache kabla ya mtihani wa darasa la saba. Hakupaza sauti. Tulikuwa uani, mimi na yeye tukipukuchua mahindi, mama akipepeta, mdogo wangu wa kike, wa darasa la nne, akifukuza kuku. Alisema kwa Kinyaturu, lugha ambayo nyumbani kwetu ndiyo ya mambo yasiyojadiliwa. Nijaze ovyo. Nisilibe kwa penseli herufi yoyote itakayokuja mbele yangu. Kuna watu wa Mkiwa walikuwa wameleta habari za posa, watu wa heshima, na msichana aliyefaulu haozeki bila serikali kuja kubisha hodi. Aliyefeli hakuna anayemuulizia.

Simtetei baba, lakini hakuwa mtu katili. Alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani hataki jembe na kazi hana. Mtoto mmoja wa kushinda kijiweni alimtosha. Nilimtazama mama nikitumaini atasema neno. Aliendelea kupepeta, macho kwenye ungo.

"Ndiyo, baba," nikasema. Kwetu hakuna jibu jingine.

Kufeli nilidhani ni kazi rahisi. Wapo waliokuwa wanafeli bila hata kuambiwa. Shida yangu ilikuwa mwalimu wetu wa hisabati.

Alikuwa mama mfupi, mgeni wa kutoka kusini, aliyepangiwa kijijini kwetu, huku upande wa Mgori, na ambaye kila mtu alidhani angeomba uhamisho kabla mvua hazijaanza. Hakuomba. Fimbo hakuwa nayo, na bado tulimwogopa kuliko walimu wote wenye fimbo. Ukikosa swali, alikusimamisha ubaoni, yeye akaenda kukaa kwenye dawati lako, akasema, "Haya, nieleze ulivyofika hapo." Basi. Ulieleza jibu lako bovu hatua kwa hatua, darasa zima likikutazama, mpaka ulipofika pale ulipopotea ukapaona mwenyewe. Waliokosea kwa kutojua aliwavumilia hadi kengele ilipolia. Aliyebahatisha au kunakili ndiye aliyekiona cha moto, maana hakuwa na cha kueleza. Siku moja nilinakili jibu la jirani yangu, na lilikuwa sahihi kabisa. Nilisimama ubaoni kipindi kizima nikiwa bubu, chaki inayeyuka kwa jasho la mkono. Nilitamani angenichapa tuyamalize.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani alifunga mlango wa darasa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Najua baadhi yenu mmeambiwa nini nyumbani," alisema. Wasichana wote tulitazama chini, na hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu. "Sitawaambia mkatae kuwatii wazazi wenu. Sina mamlaka hayo. Ila atakayekosa kesho, akose kwa sababu hajui."

Akafungua mlango, akatuambia twende tukalale mapema.

Asubuhi nilimwamkia baba, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanishika bega kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Njia nzima bega lile lilikuwa zito.

Wasimamizi walitoka shule nyingine, na mlangoni alisimama askari mwenye bunduki, kana kwamba tungetoroka na maswali. Karatasi ya Kiswahili niliivuruga vizuri tu. Kwenye methali nilichagua majibu ya kipuuzi hata nikakaribia kucheka. Nilijisemea, kumbe inawezekana, baba atafurahi.

Ikaja hisabati. Swali la kwanza lilikuwa la sehemu, la kitoto. Jibu nililiona kabla sijamaliza kusoma. Nikapeleka penseli kwenye herufi nyingine, nikasiliba, na papo hapo nikaisikia ile sauti ikiniuliza nilivyofika hapo. Nikajaribu kujieleza. Labda mtu angesahau kugeuza, labda angejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Lakini mimi sikusahau. Nikaenda la pili, la tatu, na kila jibu la uongo nililoweka lilinisimamisha ubaoni mikono mitupu. Nje upepo ulikuwa unapiga bati, na nilifikiri kwamba kila mtu mle ndani ananisikia ninavyohema.

Msimamizi akatangaza kwamba nusu ya muda imekwisha. Nilikuwa na hofu ya baba, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Nyumbani baba alikuwa ndiye mvua na jua. Hata hivyo nilichukua kifutio. Nilifuta taratibu nisije nikachana karatasi, nikaanza upya kutoka swali la kwanza, nikajibu yote ninayoyajua. Na karatasi zilizofuata hivyo hivyo. Sikuwa shujaa. Nilishindwa tu.

Matokeo yalipotoka, jirani mwenye simu kubwa alikuja mbio kutupa pongezi, masikini hajui analolileta. Nimefaulu, nimepangiwa sekondari. Baba alikuwa zizini. Mama akanivuta nyuma ya jiko, akaninong'oneza, "Akikuuliza, sema ulibahatisha. Sema ulijaza ovyo kama alivyokuambia, Mungu akapanga yake. Atakubali."

Angekubali. Baba hakuwa mtu wa kubishana na Mungu. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono ina samadi.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nifeli."

"Sasa imekuwaje?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini, anasikiliza kila neno. Mama alinitolea macho. Uongo ulikuwa tayari, umeshapikwa, kazi yangu ilikuwa kuupakua tu.

"Majibu nilikuwa nayajua, baba."

Aligeuka akarudi zizini. Mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji walikuja kuhakikisha naenda shule, na nilikwenda. Kila asubuhi nilimwamkia baba, na mwaka ule wote hakuitikia. Anayejua shikamoo ni nini kwetu atajua nililia kiasi gani.

Leo na mimi nafundisha hisabati, mjini Singida. Yule mwalimu namshukuru kwa kila shilingi ninayoipata na kila usiku ninaolala chini ya paa langu. Na kuna siku namchukia. Maana baba naye alijifunza kitu siku ile. Alijifunza kwamba msichana anayejua majibu haaminiki kufeli. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, hakumwambia ajaze ovyo. Hakumwambia lolote. Wiki ya mtihani alitangaza kwamba mtoto anaumwa, akampeleka kwa shangazi huko Mitundu, na dawati lake likabaki wazi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia bweni la shule, nikaja kusikia likizo, mambo yameshaisha. Na yeye hisabati alikuwa ananizidi.

Bado yuko Mitundu, ana watoto watatu na mume asiye na maneno mengi. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia. Alinipikia ugali wa uwele na mlenda, tukakaa mkekani, tukacheka sana habari za utotoni. Nikawa namsimulia, kwa mara ya kwanza, mambo ya chumba kile cha mtihani: ule upepo, yule askari, kile kifutio. Nilisimulia kwa mbwembwe, kama ninavyowasimulia wanafunzi wangu.

Aliacha kula. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa upole, kama mtu ambaye kwa miaka yote amekuwa akitaka kujua.

"Dada, hivi wewe ulishindwaje kukosea?"

Nilikuwa nimeshakata tonge. Sikuweza kulipeleka mdomoni.