Mwanangu amekataa kumulilia mukwe wake kwa kiukreni

Admin, ficha jina yangu, lakini hasira yangu usiifiche. Mi ni koko, nyanya wa miaka sabini na kitu, mujane, naishi Mangobo hapa Kisangani. Sijakaa darasani hata siku moja. Natuma hii kwa sauti ya simu, muandike vile vile.

Mwanangu alisoma Kharkiv, kule Ukraine. Mji ile watu walisemaka kirusi, naye akajifunza hicho. Akaoa Olena, mutoto wa kule, wakasema kirusi nyumbani. Bon. Kisha Warusi wakawatupia mabomu, wakakimbilia kwangu na mujukuu wangu Sofia. Tangu hapo Olena ameacha kirusi. Na Sofia anasema kiukreni, na mi anasema kiswahili ya kuvunjika-vunjika, na lituma, ile ndizi yetu ya kuponda, anatwanga kupita mabinti wangu. Mwanangu peke yake amekwama na kirusi yake. Kwa sikio yangu hizo lugha zinafanana, lakini Olena akisikia ile, uso inamukauka.

Wiki iliyopita mama yake Olena akakufa kwao. Tukaweka matanga hapa kwangu, viti, kahawa, majirani. Kwetu watu wa mto, mwanaume akifiwa na mukwe anasalimia watu wa bibi yake kwa lugha yao, hata maneno mbili. Marehemu bwana yangu, mutu wa Banalia, alisema kilokele, lugha ya kwetu, kwenye matanga ya mama yangu. Alikosea-kosea, watu wakacheka na machozi, wakamupenda.

Sasa kaka ya Olena akapiga kwa video. Asubuhi Olena alikuwa amemufundisha bwana yake namna ya kusema pole. Mwanangu akashika simu, akatoa hotuba ya kirusi! Yule kaka, nyumba yake imebomolewa na bomu ya Warusi, akakata simu.

"We huna haya?" nikamuuliza mbele ya watu.

"Maman, mama yake mwenyewe alisemaka kirusi maisha yake yote!"

Olena akajibu: "Alisema. Mimi pia. Walipotuua, tukaacha. Mama aliacha na uzee wake."

"Umesikia? Muzee kama mi alijifunza, na we mwenye meno yote unashindwa?"

Akapandisha sauti: "Donc, nyumba hii ni kirusi ama kifaransa. Asiyetaka, mlango ule."

Nyumba ya nani? Niliijenga na baba yake kwa samaki ya Isangi!

Olena anafunga mizigo. Kaka yake, aliyekimbilia Poland, anamuita huko, Jumamosi anaondoka na Sofia. Mwanangu anakula, analala, anangoja bibi yake apige magoti. Familia inaniambia, "Mwanao ni damu, mwanamuke anapita." Anapita wapi? Nikiugua ni yeye ananiosha mugongo!

Nataka kumuambia mwanangu atoke yeye, arudi siku ameomba kaka ya Olena musamaha kwa kiukreni. Kila nikifungua kinywa, nakumbuka nilimuzaa, namupakulia chakula. Nimutoe, ama niache Sofia aende? Niambieni kabla ya Jumamosi. Na yule anataka kuandika "Olena avumilie", apite tu, nisimutukane bure.