Shujaa Aliyemkimbia Bi Tatu

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ndiye mpumbavu niliyejifanya bingwa wa kusoma mioyo ya mashujaa.

Katika kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Goweko, tulikuwa bandani tukichambua tumbaku. Kalunde, binti tuliyefanya naye kazi, alitusomea hadithi aliyotunga mwenyewe juu ya Radi, yule shujaa wa magazeti ya picha anayeruka angani na kuinua lori kwa mkono mmoja. Ila humo, kila mwanamke mmoja, Bi Tatu, alipotokea njiani, Radi alitumbukia kichakani akajificha.

"Mapenzi hayo!" nikapaza sauti. "Mwanamume hamkimbii mwanamke bure. Anamtamani, anaona haya. Nyie mnasikia maneno, mimi naona nia!"

"Una hakika, kaka?" akauliza Kalunde.

"Hata mtoto angeliona hilo!"

Wenzangu wakainama, mabega yakitikisika. Nikawadharau. Washamba wakubwa!

Mara tukasikia, "Hodi humu!" Alikuwa mama mkwe wangu, ametuletea uji. Sikufikiri hata kidogo. Mila yetu hairuhusu mkwe kukutana naye uso kwa uso, basi nikajitupa nyuma ya lundo la tumbaku, nikajifunika majani mpaka utosini.

Kisha nikamsikia Kalunde, kwa adabu zote:

"Shikamoo mama. Katika hadithi yangu, Radi anamkimbia mama mkwe wake. Lakini mkweo, huyo aliyejifukia kwenye majani, anasema mwanamume akimkimbia mwanamke hivyo, anamtamani."