Kuku wa Sikukuu ya Mavuno

Mwaka wa pili tangu tuhamie Temeke, kanisa letu liliamua kuwapikia majirani chakula siku ya sikukuu ya mavuno. Nasema kanisa, lakini aliyeamua hasa ni padre. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Waingereza bado wako, na Temeke ya wakati huo ilikuwa mashamba ya minazi na mikorosho yenye nyumba za udongo katikati. Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo, limeezekwa makuti. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkorosho, kinagongwa kwa nondo.

Wengi wetu tulikuwa watu wa kusini, upande wa Masasi na Newala, tuliokuja Dar es Salaam kufuata kazi. Mume wangu alifanya kazi bandarini. Mie nilikuwa na watoto wawili na cherehani ya mkono. Jumapili tulijaza kanisa, tukaimba, tukarudi majumbani. Majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu, Wazaramo wenyeji na wengine waliotoka kusini kama sisi.

Desturi ya sikukuu ya mavuno ilikuwa kila mtu kuleta alichonacho mbele ya altare: muhogo, mpunga, kunde, nazi, kuku. Baada ya ibada vitu vilinadiwa uani. Mwaka huo mvua za masika zilikuwa haba, na wazee wengi wa mtaani walikuwa wanashindia uji. Padre wetu, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, akasimama kwenye kikao cha baraza la kanisa akasema safari hii hakuna kunadi. Vitapikwa, na watakaokula ni vipofu, wajane na wazee wasio na wa kuwatazama, wawe wa dini yoyote.

"Tumekaa hapa siku zote hizi," alisema, "na wanachojua kwetu ni kelele za kengele."

Mie sikuwepo kwenye kikao hicho, na nadhani ndiyo maana nilichaguliwa kuwa mkuu wa jiko.

Maandalizi yalichukua wiki mbili. Muumini mmoja alitoa mbuzi wawili. Masufuria makubwa tuliazima kwa Mhindi mwenye duka la nguo barabarani. Alikuwa Shia, na jamaa zake walipikia pilau masufuria hayo siku zao za maombolezo ya Muharamu. Alituuliza tunayatakia nini, tukamweleza.

"Chukueni," akasema. "Nguruwe tu msitie humo."

Tulicheka, tukamwahidi. Mke wake akatuongezea upawa mrefu ambao hatukuuomba.

Kualika ilikuwa kazi ya wanawake. Mie nilipewa mtaa wetu. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa bibi mmoja wa Kizaramo, kipofu tangu utu uzima wake. Alikuwa akishinda barazani anasuka ukili wa mikeka, na vidole vyake vilikwenda mbio kuliko vya wenye macho. Nilipiga hodi nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mke wa mtu wa bandari wewe?"

"Ndimi, bibi. Nimekuja kukualika. Jumapili kanisani kwetu tunapika, tunataka uje ule nasi."

"Mnapika nini?"

"Wali na nyama."

Vidole havikusimama. "Na nyama hiyo atachinja nani?"

"Usiwe na wasiwasi, bibi. Yote yamepangwa."

Sikujua kama yamepangwa. Nilidhani kuna mtu amelifikiria, padre au mmoja wa wazee wa baraza. Sina kisingizio. Kwetu mjomba wangu mmoja alikuwa Mwislamu, na kwenye kila shughuli ya ukoo, iwe harusi au msiba, yeye ndiye aliyeitwa kuchinja ili watu wote wale sahani moja. Nimekua nikiliona jambo hilo. Lakini nilikuwa na nyumba nyingine tisa za kupitia, na kote walikouliza nilijibu vivyo hivyo.

Jumapili hiyo nilifika kanisani jua linachomoza. Jikoni, kibanda cha makuti nyuma ya kanisa, nilimkuta katekista wetu amevua shati, anachuna mbuzi wa pili. Wa kwanza alikuwa amekwisha kumkata vipande na kumpanga juu ya majani ya mgomba. Kazi ilikuwa safi sana.

"Umechelewa, mama," alisema akicheka. "Nimeanza alfajiri."

"Nani kachinja?"

"Mimi mwenyewe."

Katekista huyu alikuwa mtu wa bara, wa mahali ambako, kwa maneno yake, alimwona Mwislamu wa kwanza yeye mwenyewe akiwa ameshaota ndevu. Alifundisha watoto kusoma na ndiye aliyeongoza nyimbo. Nilimweleza taratibu kwamba wageni wetu hawawezi kula nyama ile. Hakunielewa kwanza. Aliponielewa, kicheko kilimtoka.

"Watajuaje? Nyama ni nyama. Ikishaiva kwenye mchuzi, nani ataiuliza nani kaichinja?"

"Wataniuliza mie. Wameshaniuliza."

Wanawake wawili wa jikoni walikuwa wamefika, nao wakagawanyika. Mmoja alisema tunyamaze, kwani mwenye njaa haangalii kisu. Mwingine, aliyezaliwa hapahapa pwani, aliweka kapu lake chini akasema kama tunapika nyama ile kwa udanganyifu, yeye anarudi nyumbani. Nikaenda kumtafuta padre.

Alikuwa anavaa kanzu ya ibada. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika mshipi bila kuufunga. Nilingoja anikaripie, au amkaripie katekista. Alisema tu, "Basi mbuzi tutakula wenyewe. Wale wageni tuwape nini?"

"Kuku wapo, baba. Watu wanakuja nao. Nikimpata mtu wa kuwachinja."

"Nenda. Ibada ni saa tatu, sitaichelewesha."

Mwalimu wa chuo cha Kurani alikaa nyuma ya kisima, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilimkuta anafagia kibaraza chake. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kuuliza swali moja baada ya jingine kama anayechambua mchele.

"Kuku wa nani?"

"Wa waumini wetu. Wanawatoa sadaka."

"Wamekwisha kutolewa huko kwenye meza yenu, ama bado?"

"Bado. Watatolewa ndani ya ibada."

"Wakishatolewa mie simo. Vya kwenye ibada yenu ni vyenu. Lakini kama ni kuku wa mtu tu, anataka kumkirimu jirani yake, nitachinja. Ninachinjia kila mtu."

"Kwa hiyo kabla hawajaingia ndani?"

"Kabla. Na nitasimama nje ya uzio wenu."

Nilirudi mbio. Watu walikuwa wameanza kufika, wamevaa nguo zao za Jumapili, kuku wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini. Nikasimama mlangoni pa kanisa nikaanza kuwaomba kuku wao. Sidhani kama nimewahi kufanya jambo lililonifedhehesha zaidi. Kila mmoja ilibidi aelezwe upya. Wengi walitoa bila maneno. Baba mmoja alinipa jogoo wake, kisha akaingia kanisani mikono mitupu, akageuka mara mbili kuniangalia. Mama mmoja mzee wa Kimakua alimkumbatia kuku wake akakataa katakata.

"Huyu nimemfuga kwa ajili ya Mungu," alisema. "Nitampeleka mwenyewe mbele, akiwa hai, Mungu anione."

"Mama, wale watakaomla ndio Mungu anaowatuma."

"Padre ndiye anayehubiri, si wewe."

Akapita. Alikuwa na haki yake, na kuku wake alilia ibada nzima. Nilipata kuku kumi na mmoja.

Mwalimu wa chuo alikuja na kisu chake kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alisimama nje ya uzio wa miti kama alivyosema, akauliza kibla ingawa aliijua, akageukia kaskazini. Mie na yule mama wa pwani tulimpitishia kuku mmoja mmoja juu ya uzio. Kipande cha reli kiligongwa, watu wakaanza kuimba ndani. Yeye alisema bismillahi yake kwa sauti ya kawaida, haikupanda wala haikushuka. Kila akimaliza mmoja, alingoja kuku atulie kabisa, ndipo ananyoosha mkono kupokea mwingine. Alipomaliza aliosha kisu, akakifunga, akakataa kusubiri chakula.

"Nina wanafunzi," alisema. Siku hiyo hakuwa na wanafunzi.

Ibada ile sikuihudhuria. Tulinyonyoa, tukakata, tukakuna nazi. Mbuzi tuliwapika kwa masufuria yetu wenyewe upande mmoja wa kibanda. Kuku tukawapika kwa masufuria ya yule Mhindi upande wa pili. Upawa ule mrefu nilimkabidhi mama wa pwani nikamwambia asiuachie hata kwa padre.

Wageni walifika mchana, kama arobaini, wengine wameshikwa mkono na wajukuu. Tulitandika mikeka chini ya mikorosho. Bibi wa ukili alikuja na kaniki mpya, akaketi, akanawa mikono, lakini alipowekewa sahani hakuigusa.

"Yuko wapi mke wa mtu wa bandari?"

"Nipo hapa, bibi."

"Nani kachinja?"

Ningeweza kumtaja mwalimu wa chuo nikaishia hapo, na lingekuwa jibu la kweli. Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza yote: kwamba siku ile barazani nilimjibu nisilolijua, kwamba asubuhi nimekuta mbuzi wamechinjwa na katekista, kwamba hao wamo kwenye masufuria mengine kule, na kwamba alichowekewa ni kuku, aliyemchinja ni mwalimu wa chuo, nje ya uzio, mie nikimwona.

"Ulinidanganya barazani."

"Ndiyo, bibi."

"Na leo?"

"Leo hapana."

Akaitafuta sahani kwa vidole, akamega tonge. "Kuku wenu mgumu," alisema baadaye. "Mmempika haraka."

Si wote waliokula. Maneno yangu yalisikika, na habari ya mbuzi ikaenda mkeka hadi mkeka. Mzee mmoja, fundi seremala wa zamani ambaye mikono ilikuwa imempooza, alimwambia mjukuu wake amwinue. Nilimfuata nikamhakikishia kwamba masufuria ni mbalimbali. Alinishukuru kwa adabu, akasema hana njaa. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega ilionekana kwenye shati. Wengine watano wakaondoka nyuma yake. Chakula chao kilibaki kwenye mkeka, mbele ya nafasi walizokuwa wamekaa, na sikujua kama nikiondoe au nikiache.

Kwenye kikao cha baraza kilichofuata niliitwa. Katekista alisema nimelitia kanisa aibu, nimenyang'anya watu sadaka mlangoni, na nimewafanya wageni wakimbie kwa ulimi wangu, wakati wangekula wakashiba bila kujua. Wazee wawili walimuunga mkono. Niliulizwa nina la kusema. Nilisema kosa langu ni la wiki iliyotangulia, nilipowajibu watu bila kuuliza. Kwa hayo ya Jumapili sikuomba radhi. Padre aliandika kitu kwenye daftari lake. Hakunitetea, wala hakunilaumu. Alisema mwakani mchinjaji atafutwe mapema, wakaendelea na habari ya makuti yanayovuja.

Katekista hakuzungumza nami kwa miezi. Tukikutana njiani alivua kofia, akapita. Kisha mwanangu mdogo alipougua surua alikuja kusali nyumbani, na baada ya sala hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda akizungusha kofia yake.

"Kwetu," alisema, "anayechinja kwenye karamu ndiye anayeheshimiwa. Baba yangu alichinja, na alipozeeka akanipa mimi. Siku ile nilitaka kuwafanyia wale wazee heshima. Nilitia makali kisu tangu Jumamosi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Hakuna aliyemuuliza wala kumweleza. Tulidhani kila mtu anajua tunachokijua sisi.

"Nilipaswa kukuambia mapema," nilisema.

"Ungeniambia, ningeshika miguu ya mbuzi, mwalimu wa chuo achinje." Akavaa kofia yake. "Mtoto mpe maji mengi."

Mwaka uliofuata wageni walikuwa wachache kuliko wa kwanza. Mwalimu wa chuo alichinja mbuzi siku iliyotangulia, katekista akachuna, na wawili hao walibishana muda mrefu juu ya namna ya kutoa ngozi bila kuitoboa. Yule fundi seremala hakuja. Alikuwa amefariki wakati wa kiangazi. Karamu hiyo iliendelea miaka minne hivi. Padre alipohamishwa, aliyekuja badala yake aliona afadhali kuwagawia wazee nguo, nami nikatolewa jikoni nikapewa kushona kanzu za watoto yatima, kazi ambayo niliifanya vizuri zaidi.