Pistoni ya Kushoto ya Bwana Philemon

Kuna wiki moja kitongoji kizima kilinihesabu mimi kuwa mvunja nyumba za watu, na sababu ni baiskeli. Mimi ni Haidari, fundi baiskeli, kwetu Ujiji. Hapa Kibondo nina miaka ishirini na mbili, na kazi yangu ni kutengeneza kilichoharibika. Kama kuna watu wanafaidika na ubovu wa kitu, waje waniambie kabla sijashika spana.

Mwenye baiskeli ni Philemon, mfuga nyuki wa Kumsenga. Mgane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mpole, na mgumu wa maneno kuliko mteja yeyote niliyewahi kupata. Akikuletea asali anaiweka mezani, anatikisa kichwa, anaondoka. Wapo waliosema anaringa. Mimi nasema ni nyuki tu. Ukikaa nao miaka thelathini bila kutakiwa kusema lolote, ulimi unasahau kazi yake.

Sasa kwa Waha, wenyeji wa huku, hilo ni tatizo. Huku salamu si mchezo. Mtu akishakwambia "Mwakeye" asubuhi, umeingia: utaulizwa nyumba, watoto, maharage, mbuzi, mvua ya upande wenu, na kila jibu lina makofi yake madogo madogo ya heshima. Aliye juu ya baiskeli inayotembea husamehewa, anainamisha kichwa na kupita. Lakini mguu ukigusa ardhi mbele ya nyumba ya mtu, msamaha umekwisha. Ndiyo maana Philemon aliishi juu ya baiskeli. Nimewahi kumwona akilizunguka soko mara tatu akimsubiri mnunuzi wake, mradi tu asishuke.

Baiskeli yake ya zamani ilipokatika fremu, alikwenda Kasulu kwenye mnada wa shirika moja lililokuwa linafunga ofisi, akarudi na baiskeli ya kizungu yenye breki za mafuta. Hizi hazina waya. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanasukuma pistoni mbili ndogo, moja kulia na moja kushoto, na kila moja inakandamiza mpira wake kwenye ringi. Ukiachia, zote mbili zinarudi. Ya kulia ilikuwa inarudi. Ya kushoto ilikuwa inafikiria kwanza.

Hapo ndipo anapoingia dada Ernesta. Ni mjane, mshona nguo, na nyumba yake iko chini ya mteremko wa mwisho kabla ya mjini, hatua chache tu kutoka kwenye daraja la mbao. Daraja lile ni jembamba, usipobana breki utaoga. Siku ya kwanza Philemon alibana, pistoni ya kushoto ikang'ang'ania ringi, gurudumu likagoma, mguu ukagusa ardhi mbele ya mlango wa Ernesta.

"Mwakeye," Ernesta akasema.

Philemon hakuwa na pa kukimbilia. Akajibu. Akaulizwa nyumbani, akajibu. Akaulizwa nyuki, akajibu kwa sentensi nzima. Walipofika kwenye mbuzi pistoni ikarudi yenyewe, taratibu, naye akapanda akaenda zake. Ikawa hivyo mara tatu kwa wiki, miezi saba. Pistoni ilizidi uvivu na salamu zikazidi kurefuka. Wakamaliza watoto wa ndugu, wakaingia kwa wakwe wa ndugu, mwisho wakawa wanaulizana habari za watu waliokwisha kufa. Majirani wakaanza kusubiri posa.

Mimi nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Philemon alikuja siku moja kibandani kwangu, akaegemeza baiskeli ukutani, akasema, "Breki inachelewa kurudi." Maneno matatu, kwake hiyo ni hotuba. Baadaye nilipomuuliza kwa nini aliileta wakati ilikuwa inamfaa vile, alinishangaa. Kitu kikiwa kibovu kinapelekwa kwa fundi, akasema.

Nikafungua gurudumu, nikatoa mipira. Jirani yangu, fundi pikipiki, akanipa chupa ya mafuta ya breki za gari, nikamrudishia. Yale yanavimbisha mpira wa ndani wa breki kama hizi, na ukishavimba umeumia. Nilihitaji mafuta mepesi, ya cherehani. Nikaenda kuomba kwa mshona nguo ninayemfahamu, na ndiyo, alikuwa Ernesta. Akanimiminia kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akauliza yanakwenda wapi. Nikasema kwenye baiskeli ya mteja. Hakuuliza zaidi.

Nikaifuta ile pistoni kwa kitambaa safi, vumbi jekundu likatoka. Nikaishika ile nzima kwa kidole gumba isitoke, nikabana mkono wa breki polepole ili ile mvivu itoke peke yake. Nikaidondoshea mafuta kandokando, nikaisukuma ndani. Nikarudia mara thelathini, mara arobaini. Ilipofika alasiri ilikuwa inaingia na kutoka bila kusitasita. Ilikuwa kazi safi, wallahi, na najisifu.

Jumatatu Philemon aliteremka, akabana, akaachia, akainamisha kichwa, akavuka daraja. Ernesta alikuwa ameshasimama mlangoni. Jumatano akavuka tena. Ijumaa vilevile.

Jumapili mchana nikapata wageni. Mmoja alikuwa mama Epifania, shangazi yake Ernesta. Mwingine alikuwa Pasikali, mwenyekiti wa kitongoji, ameshika kofia mkononi kana kwamba yuko msibani.

"Haidari mwanangu," Epifania akasema, "ile breki uirudishe."

"Irudi wapi, shangazi?"

"Kwenye ubovu wake."

Ndipo akanieleza yote. Akaniambia pia kwamba kaka yake Ernesta aliye Manyovu amekuwa akimwita akasimamie duka, Ernesta akawa anakataa bila kutoa sababu, na juzi Ijumaa jioni amempigia simu kukubali. Anaondoka kesho asubuhi na harudi. Pasikali akasema kitongoji hakitaki kunilazimisha, ila kama ningeweza kuifanya iwe mbovu nusu, yaani ikwame wakati wa kwenda mjini na iwe nzima wakati wa kurudi, kitongoji kingeshukuru.

Nilikasirika na sikuficha. Miaka ishirini na mbili hakuna aliyewahi kuniletea kitu kizima ili nikiharibu. Nikawaambia pistoni haipokei maombi, na kama wanataka kuweka mchanga mle wauweke wenyewe, mikono yangu haimo.

Tukiwa katika kubishana, Philemon akaingia akisukuma baiskeli. Akawasalimu wazee wale kwa ukamilifu, mpaka mbuzi. Kisha akanigeukia.

"Fundi, naomba uiharibu."

"Bwana Philemon, si usimame tu? Bana breki, shuka."

"Baiskeli ikiwa mbovu, nimekwama," akasema. "Ikiwa nzima, nimemfuata yeye. Watu watajua, na yeye atajua. Akinikataa nitapita wapi kwenda mjini?"

Nilimwonea huruma mpaka hasira ikaniishia. Barabara ni hiyo moja, kweli. Lakini kuharibu sikuharibu. Nikamwambia ateremke nayo kesho ilivyo, nikawatoa wote nje, nikafunga kibanda.

Asubuhi nikaenda darajani nijifanye natazama maji. Nilikuta nusu ya kitongoji wako darajani wanatazama maji. Bodaboda ilikuwa mlangoni kwa Ernesta, mizigo imefungwa nyuma kwa kamba, yeye amevaa nguo ya safari na kusimama kando.

Philemon akatokea juu ya mteremko. Akashuka kwa kasi, akabana, akaachia. Gurudumu likawa huru palepale, kazi ya mikono yangu mwenyewe, na akaupita mlango. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama hatua kumi mbele. Mguu mmoja ulikuwa chini, kisha wa pili. Akageuza baiskeli, akairudisha akiisukuma mpaka mlangoni.

Ernesta hakumsalimu. Alishika usukani, akainua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa mkono. Likazunguka, likaendelea kuzunguka. Sote tulisubiri mpaka liliposimama lenyewe.

"Halijakwama," akasema.

"Halijakwama," Philemon akakubali. "Nimeshuka mwenyewe."

Ernesta akalishusha gurudumu chini polepole. Kisha akamgeukia dereva wa bodaboda, akamwambia afungue kamba.