Mapaa Mawili Yasigusane

Mama mukwe wangu alifika kwetu Keshero na godoro, kuku mmoja na mwavuli uliovunjika, na siku ile ile akakataa kulala ndani ya nyumba yangu.

Alikuwa amekimbia risasi. Kijiji chao kiko mbali mbele ya Kibati, njia ya Rutshuru, na sehemu kubwa ya safari aliitembea kwa miguu. Nilidhani atafika, ataoga, atakula, atalala. Wapi! Alifunika kichwa kwa kitenge, akanipa mgongo, akasema maneno machache ya Kinyarwanda kwa binti yake, yaani bibi yangu. Mama halali chini ya paa moja na mukwe wake. Basi.

Kwetu Butembo pia mukwe anaheshimiwa. Lakini mama huyu ni wa watu wa zamani. Tangu nioe hajawahi kunitazama usoni wala kunisemesha. Nikiingia uani nilikohoa kwanza, ili apate nafasi ya kujifunika. Tukitaka kuambiana jambo, lilipita kwa bibi yangu, hata kama tumesimama hatua tatu.

"Sasa atalala wapi?" nikauliza. "Nje kunanyesha!"

"Jikoni," bibi akajibu. "Jiko iko na paa yake."

Jiko letu ni mbao chache na bati mbili nyeusi kwa moshi, nyuma ya nyumba. Akatandika godoro lake kando ya mbabula, lile jiko la makala, juu ya mawe ya volkano ambayo sikuwahi hata kuyasawazisha. Baada ya juma moja akaanza kukohoa. Kile kikohozi kilinitoa usingizi kabisa. Nililala upande huu, nikageuka upande ule, nikaamka, nikasimama dirishani, nikarudi. Bibi naye akaniletea ujumbe mpya: mvua kubwa zikianza kabla hajapata mahali pake, mama atarudi kwake.

"Kwake wapi? Kule wanapigana!"

"Anasema afadhali afe kwake kuliko azeekee kwenye moshi ya mukwe."

Na nilimjua. Alikuwa mtu wa kusema neno moja na kulitenda.

Sasa, mimi ni fundi wa mbao. Nyumba ya chumba kimoja ni kitu cha siku tano kwangu. Nikachukua mbao, nikachukua bati, nikaanza. Parsele yetu ni ndogo, kipande cha ardhi ambacho ukifungua mikono miwili karibu unagusa ukuta wa jirani, kwa hiyo nafasi ilikuwa moja tu, ubavuni mwa nyumba kubwa. Nikamwekea mlango wake, dirisha lake, na paa lake. Kati ya paa langu na lake nikaacha upana wa kiganja. Nilipima mara mbili. Mama akatoka jikoni, akatazama juu, akaona mbingu inapita pale katikati, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Siku hiyo nilipiga mluzi kazini kutwa nzima.

Akahamia. Hakumaliza juma, mtu wa ofisi ya ujenzi akaingia getini na daftari na kamba ya kupimia. Kijana mpole tu, mwenye viatu vilivyopakwa rangi vizuri. Akapima hapa, akapima pale, akachora msalaba mwekundu kwa brashi kwenye mbao zangu mpya. Mbao zangu! Nilitaka kumnyang'anya ile brashi.

"Papa, hii ni aneksi," akasema. "Aneksi ni nyumba ya pili. Kati ya nyumba na nyumba tunaomba metre tatu. Weye uko na kiganja."

"Parsele yenyewe haina hizo metre tatu!"

"Basi utavunja, papa. Kanuni ni kanuni."

Hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kazi. Biro, ile ofisi yao, kisha nyumbani, kisha biro. Ofisi zilikuwa zimebadilisha wakubwa, na mhuri niliokuwa nao kwenye karatasi za zamani kila mtu aliugeuza geuza kama anaangalia samaki wa juzi. Rudi jeudi, yaani Alhamisi. Jeudi nikarudi, ninayemtafuta ametoka. Nikashindwa kukaa kwenye benchi lao, nikawa natembea koridoni hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nyumbani bibi akawa ananituliza, "Pole pole ndio mwendo, papa batoto," na mimi namjibu kwa ukali, "Mwendo wa kwenda wapi?" Namwomba radhi kwa hilo. Mawingu yalikuwa yanajazana juu ya ziwa kila alasiri, na yeye ndiye aliyekuwa na mama wa kupoteza.

Mwishowe mama mmoja wa pale biro, mtu mzima mwenye miwani, akanihurumia.

"Mbona unajitesa hivi? Unganisha mapaa. Ikiwa paa moja, si aneksi tena, ni ekstansio. Ni nyumba ile ile, imenenepa tu. Ekstansio haiombe metre tatu."

Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nikatoka mbio. Bati moja tu! Kiganja kimoja cha kuziba! Nilikuwa nimeshavuka soko ndipo akili ikanirudia. Nikasimama katikati ya njia, pikipiki zinanipigia honi, nikajishika kichwa. Biro inataka mapaa yagusane. Mama anataka yasigusane. Na mimi niko katikati na nyundo.

Bibi alimpelekea mama habari hiyo huku mimi nimesimama nyuma ya ukuta, nasikiliza. Mama akajibu bila kupandisha sauti.

"Nyumba niliacha. Shamba niliacha. Kaburi ya bwana yangu niliacha. Heshima nayo niiache? Wakifunga ile paa, nifungieni godoro yangu."

Nikaondoka pale ukutani, nikachukua bati na mkasi.

Basi nikafanya ujanja wa fundi. Nikakata bati moja, nikaliweka juu ya ule mwanya bila msumari hata mmoja. Yule kijana akipita, bati liko juu. Akienda zake, napanda ngazi, nalitoa, mama apate kulala chini ya paa lake peke yake. Mara ya kwanza kijana alichungulia tu kutoka getini, akasema vizuri, atarudi na karatasi, hakusema lini. Kwa hiyo kila siku ikawa panda, shuka, weka, toa. Kikianguka chombo mtaani, mimi niko kwenye ngazi. Jirani akaanza kunicheka juu ya ukuta: "Fundi, nyumba yako inavaa kofia ikiona wageni?" Nikamtukana, halafu nikacheka na mimi, halafu nikapanda tena. Kazi za watu zikalala. Mteja wa kabati akaja kudai kabati lake, akanikuta juu ya bati.

Kisha ikaja siku ambayo kijana alifika na karatasi kweli. Bati lilikuwa mahali pake, nikamshukuru Mungu. Lakini upepo ukavuma kutoka ziwani, nalo likainuka upande mmoja, likapiga kelele, likalala tena. Akalitazama. Akanitazama.

"Papa, hii bati haina musumari."

"Nilikuwa nataka kumaliza leo."

"Basi maliza. Niko hapa. Ukimaliza nitaandika ekstansio, na ule musalaba mutaufuta. Usipomaliza, siku ya lundi wanakuja kuvunja."

Nikapanda. Nyundo mkononi, misumari mdomoni. Kutoka kule juu niliwaona wote: kijana na kalamu yake, bibi yangu na mikono kichwani, na mama mukwe kwenye mlango wa chumba chake, amejifunika kama kawaida, amenipa mgongo. Godoro lilikuwa limeshakunjwa nyuma yake. Alilikunja wakati sisi tunabishana.

Nikaweka msumari wa kwanza. Nyundo ikagoma. Nasema kweli, mkono ulikataa. Nikipiga, anaondoka leo, na tone la kwanza la mvua lilikuwa limeshanigonga shingoni. Nisipopiga, chumba kinabomolewa na bado anaondoka. "Papa, nikungoje mpaka saa ngapi?" kijana akaita.

Ndipo mama akageuka. Akashusha kitenge mpaka mabegani. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikaona uso wake wote: mwembamba, na kovu dogo juu ya jicho. Alinitazama moja kwa moja.

"Pigilia," akaniambia kwa Kiswahili. "Weye si mukwe. Weye ni mutoto yangu. Mutoto analala na mama yake."

Bibi yangu akalia kwa sauti. Yule kijana hakuelewa chochote, akafikiri tunalilia bati, akasema msijali, linaonekana vizuri.

Nikapiga misumari yote. Karatasi ikaandikwa. Kijana alipoondoka nikashuka, nikamkuta mama ndani, ameketi juu ya godoro lake lililokunjwa, anatazama pembe ya dari, pale mwanga wa ule mwanya ulipokuwa unaingia. Alikuwa hajajifunika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha, kwa kuwa mtu hamfichi mtoto wake.

Nilikuwa nimepata kila nilichokikimbilia majuma yote yale. Nikasimama mlangoni nimeshika nyundo iliyomnyang'anya ile heshima, kitu cha mwisho alichokuja nacho kutoka kwao. Nikasema, "Mama." Akaitika.