Mama Miguu na mota inayomtii

Kwanza anauzungusha kwa mkono mti uliofungwa kwenye mashine, taratibu, mpaka aridhike kwamba haugusi chochote. Kisha anakunja mikono ya blauzi juu ya viwiko, anaukaza ushungi nyuma ya kichwa, na kubonyeza kitufe cha kijani.

Mota inanguruma, mkanda unashika. Patasi inapogusa mti, maranda yanamrukia mwandishi wa makala haya usoni.

"Sogea, mwanangu," anasema bila kugeuka. "Mti haujui mgeni."

Mtaani wanamwita Mama Miguu. Miguu ya meza, ya viti, ya makochi, mingi hupitia mikononi mwake. Jina linamchekesha na kumchoma pia, maana goti lake mwenyewe ndilo lililomwangusha.

Mashine ya kukereza aliirithi kwa baba yake. Iliendeshwa kwa kanyagio, kama cherehani. Miaka nenda rudi alikanyaga kwa mguu wa kulia, hadi goti likavimba na kugoma. Daktari akamwambia apumzike.

"Nikamuuliza, nipumzike hadi lini? Akaita mgonjwa mwingine. Nikajua jibu."

Mumewe, ambaye ni mwashi, anasema nyumba ilikuwa kama ina msiba. "Mke wangu akikosa kazi ananisahihisha mimi. Hata ninavyovua viatu."

Akamletea mota iliyotumika, iliyotolewa kwenye pampu ya maji. Ilikuwa na nguvu kupita kiasi na mwendo mmoja tu, wa mbio. Mti mwembamba iliuweza. Mti mnene ulipofungwa, meza nzima ilitetemeka. Ya kuiwashia ilikuwa swichi ya kawaida ya ukutani.

Siku moja umeme ulikatika kazi ikiendelea. Mama Miguu akainama kutazama kama mti umepasuka. Swichi akaisahau. Umeme ukarudi.

"Sikuona kitu. Nilisikia tu ushungi unanivuta," anasema, kidole kikipita polepole shingoni, palipo na kovu jembamba kama uzi. Mumewe, aliyekuwa nje akikoroga saruji, alisikia sauti asiyoijua. Akaingia mbio na kung'oa waya ukutani.

Jioni ile waligombana. Mume alitaka mashine iuzwe.

"Nilimwambia, bora nikulishe kuliko nikuzike," anakumbuka.

"Nami nikamwambia, anayelishwa ni mtoto," anasema mkewe. Wakawa wanasalimiana tu, kama wapangaji.

Aliyewapatanisha ni mdogo wa mume, fundi wa kusuka mota, yaani kuzizungushia nyaya mpya zikiungua. Hakuja na mota, alikuja na maswali. Mti mnene kuliko yote una unene gani? Mkono upi unaongoza patasi? Mguu upi bado mzima?

"Watu wananunua mota kwa kuangalia ukubwa, kama ng'ombe wa mnadani," anasema. "Kwa kazi ya shemeji, nusu ya nguvu ya farasi inatosha. Shida yake haikuwa nguvu. Shida ilikuwa kuiamuru."

Akamtafutia mota ya mwendo wa kadiri, akaifungia puli zenye ngazi, yaani magurudumu ya mkanda yaliyopangwa kutoka dogo hadi kubwa. Mkanda ukikaa kwenye ngazi ndogo ya mota, mti huzunguka polepole. Huo ni mwendo wa mti mnene ambao bado una pembe. Ukihamishiwa ngazi kubwa, mbio huongezeka, na mti hulainishwa.

Kisha swichi. Aliyoifunga hujiachia yenyewe umeme unapokatika, na umeme ukirudi hubaki imezimika mpaka kitufe kibonyezwe upya. Kitufe chekundu cha kuzimia alikiweka usawa wa paja la kushoto, ili shemeji yake azime kwa paja bila kuachia patasi.

Mume hakutaka maelezo. Alikwenda kwenye swichi kuu ya nyumba, akaizima mashine ikiwa inazunguka. Mti ukasimama. Akawasha. Karakana ikabaki kimya. Akarudia, na kurudia tena.

"Alipochoka alikuja akaushika ule mti kwa mkono wake," anasema Mama Miguu. "Akaniambia, haya, fanya kazi. Samahani hakusema, nami sikumdai. Akatoka nje kukoroga saruji ambayo hakuna aliyeiagiza."

Leo anakereza miguu minne minene kuliko kawaida. Si ya mteja. Tangu waoane, kitanda chao kimesimama juu ya matofali.

"Kinyozi hajinyoi," anasema.

"Matofali yale niliyapanga mimi," mume anajibu kutoka mlangoni. "Hayajawahi kuyumba."

"Wala hayajawahi kupendeza."

Anasukuma paja, mota inatulia. Anapitisha kidole gumba juu ya mti wenye joto, akitafuta mahali panapokwaruza, asipaone.

"Huu wa nne ukikamilika, tunayatoa yale matofali," anasema. "Ameshaniuliza atayafanyia nini. Nimemwambia aanze ukuta, pale uani. Nataka chumba cha mashine ya pili."

Mumewe ameshapiga kamba ya msingi uani.